Soma Daftari la Kompyuta Kabla ya Kununua Nyingine: Tuliyojifunza Bwejuu

 Katika toleo hili tumeona vema tuandike juu ya jambo ambalo mara nyingi halipewi nafasi katika taarifa za miradi, nalo ni kompyuta inayosumbua. Karibu kila kikundi tunachofanya nacho kazi kina kompyuta moja, na mara nyingi haikai ofisini. Inakaa nyumbani kwa katibu, juu ya meza ya kulia chakula. Ikianza kusumbua, barua inayotufikia huwa ni ile ile: mashine imeharibika, tunaomba nyingine.

Mwaka 2024 tulipokea barua ya namna hiyo kutoka Bwejuu. Tulikaribia kuijibu kwa kununua kompyuta mpya. Tungefanya hivyo, tungetumia fedha za wafadhili bila kuondoa tatizo, na pengine tungemwacha mama mmoja mwaminifu akiwa na jina baya kijijini kwake. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi tulivyoepuka hilo, ili kamati nyingine nazo ziweze kufanya vivyo hivyo.

Hali ilivyokuwa

Bwejuu ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Paje ukielekea Michamvi. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na akina mama. Kikundi tunachokisaidia ni cha akina mama wa aina hiyo. Wanapima mwani pamoja, wanauza pamoja na wanaweka akiba pamoja. Karibu wote ni Waislamu. Mradi haumuulizi mtu dini yake. Unamuuliza kama kilo zake zimeandikwa sawasawa.

Kompyuta ya mezani tuliyowapa mwaka 2021 ilikuwa kwa ajili ya kazi hiyo ya kuandika kilo, malipo na akiba. Kila mwanachama akiweka akiba alipewa risiti iliyochapwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mambo matatu yalianza kutokea. Kwanza, mashine ilikuwa inazima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi. Pili, ilikuwa inaganda kwa muda kama wa nusu dakika, kisha inaendelea. Tatu, na hili ndilo lililoleta maneno, baadhi ya risiti zilitoka zikiwa na tarehe ya 1 Januari 2015.

Mwaka 2015 kikundi hicho hakikuwapo. Mama mmoja alipoona risiti yake ya akiba ina tarehe hiyo, aliuliza. Wa pili akaenda kutazama ya kwake. Haukupita muda mrefu kukawa na minong'ono kwamba katibu anachezea hesabu na kwamba mashine "inaharibika" pale anapotaka iharibike. Mwenyekiti, ambaye ni mama mtu mzima, alitupigia simu akasema, "Mwanangu, njooni. Mashine hii imetia fitina, na Bi Katibu hatoki tena nje."

Tunakiri kwamba hata sisi ofisini tulijiuliza. Twende basi kwenye kile tulichokifanya tulipofika mwezi wa Juni.

Kompyuta ina daftari lake

Wengi hawajui kwamba kompyuta inaandika yenyewe yale yanayoipata, saa kwa saa. Ni sawa na daftari la muuguzi wa zamu. Kwenye mashine zinazotumia Windows, programu ya kusomea daftari hilo inaitwa Event Viewer. Ili kuifungua, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kisha andika eventvwr.msc katika kisanduku kinachotokea na ubonyeze Enter. Upande wa kushoto fungua "Windows Logs", halafu "System". Hilo ndilo daftari la mfumo.

Kila mstari ni tukio moja. Mstari una alama ya uzito wake: taarifa ya kawaida, onyo au kosa. Una tarehe na saa. Una jina la sehemu ya mfumo iliyoandika, chini ya neno "Source", na una namba ya tukio, chini ya maneno "Event ID". Mambo haya mawili ya mwisho, jina na namba, ndiyo ya kunakili. Fundi aliye Mjini au aliye Dar es Salaam akisomewa jina na namba kwa simu anaelewa mengi kuliko akiambiwa "inaleta makosa mengi".

Daftari hili halina kurasa zisizo na mwisho. Kwa kawaida limewekewa ukubwa wa megabaiti 20 hivi, na likijaa linafuta ya zamani ili kuandika mapya. Kwa hiyo kamati ikiona tatizo isingoje robo nzima ya mwaka. Inaweza kuhifadhi nakala ya daftari kwa kuchagua "Save All Events As" upande wa kulia na kuiweka kwenye flashi.

Wekundu peke yake si ugonjwa

Tulipofungua daftari la Bwejuu mbele ya katibu na mwenyekiti, lilijaa alama nyekundu kutoka juu hadi chini. Katibu alishika kichwa. Hata hivyo hakuna kompyuta ya Windows isiyo na alama nyekundu, hata iliyotoka dukani juzi. Mfano ni tukio namba 10016 linaloandikwa na DistributedCOM. Linajirudia mara nyingi mno, na Microsoft wenyewe wameeleza kwamba linaweza kuachwa bila madhara. Mtu asiyejua hilo anaweza kukesha akitibu kitu ambacho si ugonjwa.

Aidha, wako matapeli duniani wanaotumia hofu hii. Humpigia mtu simu wakijidai ni mafundi wa kampuni kubwa, wakamwelekeza afungue daftari hili aone wekundu, kisha wakamwomba fedha au ruhusa ya kuiendesha mashine yake wakiwa mbali. Kamati zikumbuke kwamba fundi wa kweli hakuti makosa kabla ya kuitwa.

Basi swali si "je, kuna makosa?" Maswali yanayosaidia ni matatu. Ni kosa gani linalojirudia? Linajirudia saa ngapi? Na wakati huo ndani ya nyumba kulikuwa na nini? Mawili ya kwanza yanajibiwa na kompyuta. La tatu linajibiwa na mwenye nyumba, na bila yeye daftari ni maandishi matupu.

Madaftari mawili, saa mbili

Bahati nzuri katibu alikuwa ameandika kwa mkono, katika daftari la shule, kila mara mashine ilipozima, na kila mara umeme ulipokatika kijijini. Tuliweka madaftari yote mawili pamoja tukaanza kulinganisha. Hakuna kilicholingana. Kwa saa nzima tulikuwa kama watu wawili wanaosimulia safari mbili tofauti.

Kisha mtoto wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa skuli ya sekondari, akatuonyesha tulichokosa. Mama yake aliandika saa za Kiswahili, na kompyuta inaandika saa za Kizungu. Tukio ambalo kompyuta iliandika 5:52 PM, mama aliandika saa 11:52 jioni. Tena kompyuta ilikuwa imewekwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Hivyo 4/5/2024 iliyo kwenye mashine ni tarehe 5 Aprili, wala si tarehe 4 Mei. Tulipotoa saa sita na kugeuza tarehe, madaftari yalianza kusema lugha moja. Tunaomba kamati zote zilishike jambo hili, kwa kuwa linaweza kumfanya mtu mkweli aonekane mwongo.

Ugonjwa wa kwanza: mashine kuzima

Matukio mawili yalijirudia kila mashine ilipozima yenyewe: namba 41 ya Kernel-Power na namba 6008 ya EventLog. Yote mawili yana maana moja, kwamba mashine iliwaka tena bila ya kuwa imezimwa kwa utaratibu. Kompyuta haiwezi kuandika kifo chake wakati inakufa. Inaandika ikishafufuka. Kwa hiyo saa iliyo kwenye mstari ni saa ya kuwaka tena. Ukifungua tukio 6008 na kusoma maelezo yake, humo ndani utakuta saa inayokadiriwa mashine ilipozima.

Hapa ndipo kila mtu alipokuwa na jibu tayari: umeme. Nasi hatuwalaumu. Unguja inapata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza, wa mwaka 1980, ulikuwa kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takribani mwezi mzima. Tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani kwa takribani miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na serikali ya Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, ulianza kazi mwaka 2013. Mtu aliyepita miezi ile ya giza, mashine ikizima haulizi mara mbili. Anasema umeme, basi.

Lakini daftari lilisema vingine. Tuliangalia muda uliopita kati ya kuzima na kuwaka tena. Umeme ukikatika kijijini, pengo linakuwa la dakika nyingi au la saa kadhaa. Hapa zaidi ya nusu ya matukio yalikuwa na pengo la dakika moja au mbili tu, na siku hizo katibu hakuandika kwamba umeme umekatika. Taa za jirani ziliwaka, na redio yake mwenyewe iliendelea kusema.

Ndani ya tukio 41 kuna sehemu ya maelezo iitwayo "Details". Humo yako mambo mawili ya kutazama. Namba ya "BugcheckCode" isipokuwa sifuri, Windows yenyewe ilianguka, na huenda sababu ni programu au kifaa cha ndani. Namba ya "PowerButtonTimestamp" isipokuwa sifuri, kuna mtu aliyeshikilia kitufe cha kuzimia. Zote mbili zikiwa sifuri, kwa kawaida ina maana mashine ilikosa nguvu ghafla, au iliganda kabisa. Za Bwejuu zote zilikuwa sifuri. Kwa maneno mengine, hakuna aliyeizima kwa kidole. Tulimwomba mwenyekiti asome mwenyewe, naye akasoma kwa sauti.

Basi nguvu ilikosekana wapi, ikiwa kijiji kilikuwa na umeme? Tuliangalia saa. Matukio yalizidi Machi na mwanzoni mwa Aprili, nayo yalikusanyika jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili. Tulimwuliza katibu, "Bi Katibu, jioni za miezi ile kulikuwa na nini hapa nyumbani?" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Si ilikuwa Ramadhani! Jioni nzima watoto wa watu wanakuja kununua barafu ya futari."

Friza ya barafu ilikuwa ukumbini. Ilichomekwa kwenye ekstensheni ile ile moja ya kompyuta, na ekstensheni yenyewe ilikuwa nyembamba, imelegea, imeungua kidogo kwenye tundu moja. Mota ya friza inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia. Waya ukiwa mwembamba na maungio yakiwa mabaya, nguvu inashuka kwa nukta moja kwa vyote vilivyo kwenye waya huo. Taa inapepesa, redio haijali, lakini kompyuta inazima. Friza ikifunguliwa kila mara kama jioni za Ramadhani, mota inaanza tena na tena.

Tiba yake haikuwa mashine mpya. Friza ilipewa soketi yake ukutani, ekstensheni ikatupwa, na kompyuta ikapewa UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachoishikilia mashine dakika chache ili mtu ahifadhi kazi yake na kuizima kwa utaratibu. Ni vema kamati zijue kwamba betri ya UPS nayo huchoka, kwa kawaida baada ya miaka michache, na joto huifupishia maisha. Iwekwe katika bajeti tangu mwanzo.

Ugonjwa wa pili: tarehe ya mwaka 2015

Hili ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imechomolewa. Inalishwa na betri ya mviringo mfano wa kifungo cha shati, iitwayo CR2032: upana wake milimita 20, unene wake milimita 3.2, nguvu yake volti 3. Betri hiyo ikifa, saa inategemea umeme wa ukutani tu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, saa inapotea, na mashine ikiwaka inarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Kwa mashine hii tarehe hiyo ilikuwa 1 Januari 2015.

Kompyuta iliyo kwenye intaneti hujirekebisha saa yenyewe baada ya muda. Ile ya Bwejuu hupata intaneti pale tu katibu anapoiunganisha na simu yake. Hivyo ikiwa umeme ulikatika usiku, na asubuhi akina mama wakaja kuweka akiba kabla hajaunganisha simu, risiti za asubuhi hiyo zote zilitoka na tarehe ya 2015. Jioni akiunganisha simu, tarehe inarudi sawa. Kwa mtu wa nje inaonekana kama tarehe zinachezewa kwa kupenda.

Daftari lilitoa ushahidi wa namna tatu. Kwanza, mabadiliko ya saa huandikwa: tukio namba 1 la Kernel-General hueleza kwamba saa ya mfumo imebadilika kutoka wakati fulani kwenda wakati fulani. Tuliyakuta, yakiruka kutoka 2015 hadi 2024. Pili, kuruka huko kulifuata umeme kukatika kwa muda mrefu, si kule kuzima kwa friza, kwa sababu kuzima kwa nukta moja hakuipotezi saa. Tatu, daftari lilikuwa na matukio yenye tarehe ya 1 Januari 2015, ilhali mashine ilikuwa inatumia Windows 10, ambayo ilitolewa tarehe 29 Julai 2015. Kompyuta ilikuwa inadai imefanya kazi kabla mfumo wake wenyewe haujatolewa. Jambo hilo haliwezekani, na kila aliyekuwa chumbani alilielewa bila kufasiriwa.

Hapa pana kosa letu, nasi tunaliandika wazi. Fomu ya risiti tuliitengeneza sisi ofisini, na tuliiweka ichukue tarehe yenyewe kutoka saa ya kompyuta. Tulifikiri tunampunguzia katibu kazi. Kumbe tulimwondolea uwezo wa kuandika tarehe ya kweli aliyoijua. Sasa tarehe inaandikwa kwa mkono kwanza katika kitabu cha karatasi, mwanachama anatia saini au dole gumba, ndipo inaingizwa kwenye mashine. Betri yenyewe ni kitu cha bei ndogo mno. Fundi aliibadilisha kwa dakika kumi.

Ugonjwa wa tatu: kuganda

Kuganda kwa nusu dakika kuliambatana na matukio mawili: namba 129 la storahci na namba 153 la disk. La kwanza linasema mfumo umelazimika kuiamsha upya njia ya diski. La pili linasema jambo lililoombwa kwenye diski limerudiwa, maana mara ya kwanza halikujibiwa. Matukio ya namna hii ni ya kutia hofu, kwani diski ndiyo inayobeba kumbukumbu zote.

Kanuni hapa ni moja, nayo haina mjadala: nakili kwanza, chunguza baadaye. Kabla ya kugusa chochote tulinakili mafaili yote ya kikundi mahali pawili, kwenye diski ya nje na kwenye flashi, tukayafungua kuhakikisha yanasomeka. Zipo amri za Windows za kukagua diski, kama chkdsk, lakini zinaifanyisha diski kazi kubwa. Diski iliyo taabani inaweza kumalizikia hapo.

Kisha tulitumia programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayosoma hesabu ambazo diski inajiwekea. Hesabu ya sehemu mbovu zilizohamishwa ilikuwa sifuri. Lakini hesabu ya makosa ya mawasiliano, iitwayo CRC, ilikuwa kubwa. Tofauti hii ni muhimu sana. Sehemu mbovu zikiongezeka, diski yenyewe inakufa. Makosa ya CRC yakiongezeka, mara nyingi diski ni nzima, ila ujumbe unaharibika njiani, kwenye waya au kwenye maungio.

Fundi alipofungua kasha alikuta kutu ya kijani kwenye ncha za waya wa diski. Nyumba iko karibu na bahari, madirisha yako wazi, na upepo wa kusi na wa kaskazi huleta unyevu wenye chumvi. Chumvi huvuta maji ya hewani na kula chuma cha maungio. Waya ulibadilishwa. Tangu siku hiyo hesabu ya CRC haikushuka, kwa sababu haishuki kamwe, lakini haikupanda tena. Matukio 129 na 153 yalikoma. Sasa mashine inafunikwa kwa kitambaa kikavu ikishapoa, haikai chini ya dirisha, na inafunguliwa kusafishwa mara mbili kwa mwaka.

Mkutano wa kikundi

Siku ya pili akina mama walikutana barazani. Hatukuwahutubia juu ya kompyuta. Tulileta kitabu cha karatasi cha risiti, tulileta orodha iliyochapwa ya kuruka kwa tarehe, na katibu akaleta daftari lake la shule. Risiti moja moja zenye tarehe ya 2015 zililinganishwa na kitabu. Kiasi kililingana katika kila risiti. Mama aliyeuliza kwanza alisema hakuwa na nia mbaya, ila akiba ile ni ada ya skuli ya wanawe. Alikuwa na haki ya kuuliza, na tuliona vema kulisema hilo mbele ya wote.

Tunataka kusema kwa uangalifu: daftari la kompyuta halimsafishi mtu peke yake. Kilichomsafisha katibu ni kitabu cha karatasi pamoja na saini za wenzake. Daftari la mashine lilitueleza kwa nini tarehe ziliharibika, na hivyo likaondoa dhana. Kikundi kinahitaji vyote viwili.

Tunayoshauri kamati za sharika

Kwanza, mkabidhiwa wa kompyuta awe na daftari la mkono la kuandika siku na saa ya kila tatizo, na aeleze kama ni saa za Kiswahili. Pili, kabla ya kuandika barua ya kuomba mashine mpya, kamati ifungue daftari la mfumo, ichague makosa yanayojirudia zaidi, na inakili jina na namba ya kila moja. Tatu, iulize kila mara nini kingine kilikuwa kinatumia umeme wakati huo. Nne, mafaili yanakiliwe kila mwisho wa wiki, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Tano, tatizo moja litibiwe kwa wakati mmoja, kisha daftari lisomwe tena baada ya wiki mbili. Mkibadilisha vitu vinne siku moja hamtajua kipi kilichoponya.

Aidha, zipo sababu za kweli za kubadilisha mashine. Mojawapo ni kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kamati zenye mashine za mfumo huo zilijadili jambo hilo mapema na kutuandikia zitaweza kupangiwa bajeti. Ombi lenye sababu hiyo tunaweza kulitetea mbele ya mfadhili. Ombi linalosema "inaleta makosa mengi" hatuwezi.

Neno kwa wafadhili

Kompyuta ya Bwejuu bado ni ile ile mliyotoa mwaka 2021. Kilichohitajika ni UPS, betri ya saa, waya wa diski, soketi moja ya ukutani, na fundi wa siku mbili. Tulipopanga mradi hatukuweka hata kimoja cha hivyo katika bajeti. Tuliweka kompyuta tu, kana kwamba itaishi peke yake. Tangu sasa kila ombi letu la kifaa litakuwa na fungu la matunzo, nasi tunawaomba msilione fungu hilo kuwa la ziada. Huo nao ni uwakili.

Bi Katibu bado anaandika kilo za mwani. Amebandika ukutani, juu ya meza ya kompyuta, karatasi ya kubadilishia saa za Kiswahili na za Kizungu, na chini yake namba nne: 41, 6008, 129, 153. Akina mama wanaokuja kuweka akiba huisoma wakingoja zamu yao.